Doa la Sebuleni

Doa lilikuwa limerudi, palepale lilipofutwa jana.

Halikuwa doa la kusema mtu kamwaga kitu. Lilikuwa mstari, upana wa vidole vinne, umetoka mlangoni mwa chumba cha Bibi, ukaambaa na ukuta wa sebule wote mpaka kwenye kona ya korido, kisha ukapotelea huko kuelekea chooni. Na ukuta wenyewe ulikuwa bado unanuka upya. Rangi ya maziwa, imepakwa juu ya skimu, ile plasta nyeupe ya kulainishia ukuta, iliyopigwa msasa mpaka fundi mwenyewe akajisifu kwamba nzi akitua pale anateleza.

Mama Mapazia alisimama na kitambaa cha maji ya sabuni mkononi, akautazama mstari ule kama mtu anayesoma tusi aliloandikiwa yeye.

"Chiriku!" aliita. "Njoo hapa kabla sijakufuata."

Chiriku alikuwa binti yake, ndiyo kwanza ameanza shule, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Alikuja na mswaki mdomoni.

"Hii nini?"

"Ukuta."

"Unanijibu hivyo mimi? Hili hapa nakuuliza, nini?"

"Uchafu."

"Umeutoa wapi?"

"Si mimi, mama."

Kofi lilikuwa limeshafika. Chiriku alilia, mswaki ukaanguka, lakini hata akilia mdomo haukufunga. "Si mimi! Mkono wangu mdogo. Angalia! Angalia mwenyewe!" Akabandika kiganja chake juu ya doa. Vidole vyake vilikuwa kama njiti za kiberiti juu ya mstari ule mnene.

Mama Mapazia aliuondoa mkono wa mtoto, akainama, akanusa ukuta. Harufu ilimpanda puani na kumtoa machozi. Mafuta ya kuchulia. Yale yale ya kopo la kijani ambayo Bibi, mama mkwe wake, alijipaka kwenye viungo vya vidole kila asubuhi na kila jioni.

"Haya," alisema polepole. "Kumbe."

Hakumwomba mtoto radhi. Akamwambia, "Nenda kavae, utachelewa," akaanza kusugua.

*

Vita hivi vya ukuta vilianzishwa na Mama Gesti.

Mama Gesti alikuwa anamalizia nyumba yake ya wageni, ghorofa nzima, na kila dirisha la nyumba hiyo lilikuwa linasubiri pazia. Siku moja alikuja barazani kwa Mama Mapazia, akashika marinda, akapindua bitana, akavuta mshono kwa kucha kuona kama utaachia. Mshono haukuachia.

"Mkono unao," alisema. "Lakini mimi sinunui pazia lililokunjwa. Nataka kuliona limetundikwa, tena kwako mwenyewe. Mshona mapazia kwake si lazima pawe mfano?"

Kisha akachungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hapo ndipo pa mfano? Ukuta umeparara kama kisigino!"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao walicheka. Mmoja wao alijaribu kuzuia kicheko, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

"Rekebisha kwanza," Mama Gesti alisema akishuka ngazi. "Nitakuja mwisho wa mwezi. Nikiridhika, kazi yote yako."

Tangu siku hiyo Mama Mapazia hakulala usingizi wa raha. Alishika simu akawa anatazama video za watu wanaopamba nyumba. Akajifunza kwamba pazia likitundikwa juu karibu na dari, chumba kinaonekana kirefu. Kwamba waya za televisheni zikifichwa, sebule inatulia. Kwamba kochi lisibanwe ukutani kama mtu anayeogopa kuibiwa, livutwe mbele kidogo lipumue. Kwamba vitu vikiwa vichache, nyumba inaonekana ya mtu mwenye akili zake. Fedha aliyokuwa akiidunduliza kwa ajili ya mashine ya kudarizi akaitoa yote, akamwita fundi rangi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Msasa.

Msasa aliziba ufa mrefu uliokuwa umekatiza ukuta kutoka chumba cha Bibi hadi kwenye korido. Alikwangua sehemu zote zilizoparara. Alipofika kwenye msumari mkubwa wa zamani, karibu na kona, Bibi akatoka chumbani.

"Huo uacheni," alisema.

"Mama, hautundikiwi kitu," Mama Mapazia alimjibu. "Kalenda yenyewe tumeshaitupa."

"Uacheni tu. Nimeuzoea."

Msasa alicheka. "Bibi, msumari nao unazoeleka? Ukiukosa sana nitakuletea mwingine mpya."

Akaung'oa kwa koleo, tundu akalijaza, akalilainisha kwa dole gumba. Bibi alisimama kidogo, kisha akarudi chumbani. Mama Mapazia aliona ni ukaidi wa kizee, akajisemea moyoni kwamba Bibi atanyamaza tu.

Lakini haukuishia hapo. Kochi alipolivuta mbele, asubuhi alilikuta limerudishwa ukutani. Kiti cha Bibi alipokihamishia dirishani, kwenye mwanga mzuri, Bibi alikiburuta mwenyewe, kwi kwi kwi sakafuni, mpaka pale kilipokuwa miaka yote. Chombo cha maua alichokiweka kwenye kona ya korido kilipatikana vipande viwili. Na sasa doa.

*

"Mama yako ananikomoa," alimwambia mumewe jioni hiyo.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Alirudi nyumbani kila siku na harufu ya gesi na uchovu wa kubeba vitu vya watu wenye ngazi ndefu. Alikuwa amekaa jikoni, sahani magotini, kwa sababu sebuleni alishakatazwa kula.

"Mama hana tabia hiyo," alisema.

"Nimenusa! Ni mafuta yake."

"Umenusa ukuta?"

"Usinicheke, Baba Chiriku. Nasugua kila siku, rangi imeanza kufifia. Huyo mwanamke akija akakuta mstari umekatiza sebule kama barabara, kazi imekwenda. Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Mwanamume mzima nikasimame mbele ya mama yangu, nimwambie mama, usiguse ukuta?"

"Kwa hiyo niseme mimi, mkwe, nionekane mbaya."

"Mbona Mama hata mchele hachambui tena?" mume alisema ghafla, kama aliyekumbuka kitu kingine. "Leo nimeng'ata jiwe."

"Si unaona? Amegoma. Anasema mgongo. Tangu nianze kurekebisha nyumba, kila kitu kimekuwa mgongo."

Mume alitafuna pole pole, akiogopea meno yake. Hakuna kati yao aliyeuliza swali lililokuwa limekaa pale katikati yao, kwenye sahani.

*

Kwa hiyo alisema yeye.

Alianza kwa kumzunguka, kama desturi ya watu wasiotaka ugomvi. Alikuwa anafuta ukuta, Bibi amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, kidole kimoja kimezama ndani ya ukingo wa kikombe. Mama Mapazia alikiona kidole kile, akaona ni uchafu mwingine.

"Humu ndani kuna mikono haitulii," aliuambia ukuta.

"Sema na mimi, mama Chiriku," Bibi alisema. "Ukuta hauna masikio."

Basi akageuka. Kitambaa kilikuwa kinamdondokea maji kwenye miguu.

"Mama, nakuheshimu. Unajua nakuheshimu. Lakini naomba sana, usiguse ukuta."

Uso wa Bibi ulikuwa umeelekea upande wa mkwe wake, ila si sawasawa. Ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, kwenye bega. Mama Mapazia alidhani anakwepa kumtazama.

"Nisiguse ukuta," Bibi alirudia.

"Ndiyo, mama. Huu sasa ni ukuta wa kutazamwa tu."

"Wa kutazamwa."

"Tu."

"Haya," alisema Bibi. "Nimesikia. Wa kutazamwa."

Akaiweka chai chini bila kuimaliza.

Na kweli, kesho yake ukuta ulikuwa safi. Na keshokutwa yake. Mama Mapazia alipita mbele yake kila asubuhi kama mtu anayepita mbele ya kioo. Alimwambia mumewe, "Unaona? Kumbe alikuwa anafanya kusudi." Jambo moja tu lilimkera: Bibi alikataa chai ya jioni. Maji pia hakutaka. Akiletewa, anasema kiu hana. Anakaa chumbani mwake tangu jua lingali juu, mlango umerudishwa. Midomo yake ilianza kukauka na kupasuka.

"Amenuna," alisema Mama Mapazia. "Atakunjuka."

Chiriku, ambaye tangu lile kofi alikuwa akipita mbali na ukuta kama una moto, alisema, "Bibi ananiita nimpeleke chooni nikirudi shule. Ananishika bega hivi, kama tunacheza treni."

"Haya, chezeni treni," mama yake alijibu huku sindano mdomoni. "Lakini msinigusie ukuta."

*

Siku ya Mama Gesti ilifika. Sebule ilikuwa imekaa kama picha. Kochi limevutwa mbele, mito imesimama pembe juu. Waya zimefichwa. Dirishani kulikuwa na pazia jepesi la kupitisha mwanga, na mbele yake Mama Mapazia alikuwa amesimamisha ule mdoli wake wa kuvalishia nguo, usio kichwa wala mikono, akauvisha gauni la kitambaa kilekile cha mito. Lakini kazi yake ya kujivunia ilikuwa upande wa pili. Hapo alitundika pazia zito la kahawia kutoka darini hadi sakafuni, marinda yamejaa kama gauni la bibi harusi, likafunika kona yote pamoja na uwazi wa kuingilia koridoni, ili mgeni asione mlango wa choo.

Asubuhi alipita chumbani kwa Bibi.

"Mama, leo mgeni akija wewe pumzika tu. Asije akakuchosha na maneno."

"Mgeni wa nani?"

"Wa kazi."

"Anaingia nyumbani kwa mwanangu nisimpe mkono?"

"Ni wa mara moja tu, mama. Anakuja, anaondoka."

Bibi akaurudisha mlango.

Mama Gesti alikuja na pochi yake chini ya kwapa. Alisimama mlangoni, akanyanyua nyusi.

"Ehee! Sasa hapa ndipo pa mfano." Akaweka kiganja kizima ukutani, pamoja na pete zake, akakitelezesha. "Laini! Nani kakupigia?"

"Msasa," alisema Mama Mapazia, akatabasamu, wala hakuangalia kama kiganja kile kimeacha alama.

"Na hili ndilo lenyewe." Mama Gesti alikwenda kwenye pazia zito, akalivuta, akaliachia aone linavyorudi. Kisha akapiga magoti upande wa nyuma ya kochi kukagua upindo wa chini. "Upindo mpana, vizuri. Bitana yake?"

"Imeshonwa kwa mkono, dada. Ngoja nikuletee chai."

Alikwenda jikoni. Ameipata. Alikuwa ameipata kazi kabisa, aliisikia kwenye ile sauti. Akamimina chai, akapanga biskuti mduara, akabeba trei. Alipofika kwenye mlango wa jikoni akasimama.

Bibi alikuwa ametoka. Amesimama katikati ya sebule, amevaa gauni lake la heshima na mtandio, uso mkunjufu, tayari kwa mgeni. Na macho ya mshonaji, kabla hayajaona kingine chochote, yaliona mishono. Mishono yote ilikuwa nje. Bibi alikuwa amelivaa gauni limegeuzwa, na lebo ya shingoni inapepea kisogoni.

"Karibu, mwanangu," Bibi alisema. "Umefika salama?"

Alikuwa anauambia mdoli.

Mdoli ulikaa kimya kwenye mguu wake mmoja wa mti, mwanga wa dirisha nyuma yake.

"Habari za watu wa kwako?" Bibi aliendelea, na alipokosa jibu akasogea hatua moja, akanyoosha mkono wa kulia. Mkono ulikwenda hewani. Ukangoja. Ukasogea kulia kidogo, ukasogea kushoto, ukitafuta mkono wa mtu mwingine mahali ambapo mkono wa mtu hukaa.

Mama Gesti aliinuka nyuma ya kochi, upindo wa pazia bado kaushika, akapasuka kwa kicheko.

"Jamani! Bibi ana vituko! Anasalimia mdoli!" Alijipiga paja. "Na gauni, bibi, umegeuza ndani nje!"

Kicheko kilimjia Bibi kutoka upande ambao hakuutarajia. Alishtuka. Kisha, pole pole, akaurudisha ule mkono, akaupangusa kwenye gauni.

"Kumbe uko huko," alisema, akageuza uso kufuata sauti. "Shikamoo yako sijaisikia."

Kicheko kilikatika. "Shi... shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Mama Mapazia alikuwa bado amesimama na trei. Mambo yalimjia yote kwa mpigo, hata hakuweza kuyapokea kwa zamu: kidole ndani ya kikombe, jiwe kwenye wali, kiti kinachoburutwa, uso ulioelekea begani. Msumari. Mstari. Ule mstari ulioanzia mlangoni ukaishia chooni, haukupanda wala kushuka. Na chai iliyokataliwa, ili asihitaji kwenda chooni usiku.

Bibi aligeuka kurudi alikotoka. Aliinua mkono wa kushoto kuelekea ukutani, na hapo ndipo Mama Mapazia alipoona kitu ambacho hajakisahau. Mkono haukugusa. Ulisimama karibu kabisa na rangi, ukaenda hivyo hivyo ukielea kandokando ya ukuta, kwa sababu ulikuwa umekatazwa.

"Mama," alisema. "Mama, gusa."

Bibi hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa ameshageukia upande usio wake. Badala ya mlango wa chumba akakutana na pazia zito. Akalisukuma, likamfuata. Akalivuta, marinda yakamfunika uso, na akiwa anahangaika ndani ya kitambaa kile, bomba la pazia likang'oka darini na kuanguka naye. Skimu ya Msasa ilidondoka vipande vipande kama maganda ya yai.

Trei Mama Mapazia aliiweka wapi, mpaka leo hajui. Alimkuta Bibi chini, kiwiko kimechubuka, anajitoa kitambaa kichwani.

"Niliwaambia ule msumari muuache," Bibi alisema. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira. "Nikiugusa najua hapa ndipo pa kukata kona. Na ule ufa ulikuwa unanifikisha. Ukuta wenu umekuwa bubu, mama Chiriku. Zamani nikiuuliza, ulikuwa unanijibu."

Mama Gesti alikuwa tayari mlangoni, pochi kwapani.

"Poleni jamani. Poleni sana. Nitakupigia, eh?"

Hakupiga. Mapazia ya gesti yalikuja kushonwa na mtu mwingine, na ukipita barabarani unayaona: mafupi, hayafiki sakafuni, yamening'inia kama suruali ya mtoto aliyekua.

*

Hospitali walisema ni presha ya macho. Mganga alisema jambo hilo kwa upole, lakini upole haukulibadilisha: kilichopotea hakirudi. Kilichobaki, yaani mwanga na vivuli vya vitu, kitalindwa kwa dawa ya matone. "Mngemleta mapema," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Walikaa kwenye benchi la korido, Bibi katikati.

"Unashinda naye kutwa," mume alimwambia mkewe kupitia juu ya kichwa cha mama yake. "Kutwa nzima! Hukuona?"

"Na wewe aliyekuzaa? Uling'ata jiwe ukauliza jiwe."

"Mimi niko kazini."

"Na mimi niko wapi? Nacheza?"

"Ulimkataza ukuta! Mtu anakatazwa ukuta?"

"Nilikuomba umwambie wewe! Ungemwambia wewe, mwanawe, labda angekwambia. Ukaona haya."

"Mimi sijafa," Bibi alisema. "Msinigawane."

Mtu aliyekaa benchi la pili alijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Kwa nini hukusema, mama?" mwanawe aliuliza.

Bibi alifikiri. "Mngenipangia pa kukaa. Mtu akishajulikana haoni, hata chumvi anatiliwa na mwenzake. Nilikuwa naenda chooni mwenyewe, sikumsumbua mtu. Nyumba nilikuwa nimeishika kichwani." Kisha akaongeza, "Mkaivuruga."

Mama Mapazia alitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwa tayari, lakini alilitazama akaliona dogo, halifiki chini, kama pazia lililokatwa fupi. Akasema, "Twende nyumbani ule." Na huko nyumbani alimwita Chiriku, akampigia magoti ili nyuso zao zilingane, akamwambia, "Lile kofi halikuwa lako." Chiriku alisema anajua, alisema siku ileile.

*

Mama mwenzangu unayesoma hapa, kupamba nyumba si kosa. Pamba. Tundika pazia juu, ficha waya, paka rangi unayoitaka. Lakini kabla fundi hajafungua ndoo, kaa siku moja tu utazame watu wa nyumba yako wanapita wapi na wanashika nini. Ukiona doa, usikimbilie kitambaa. Uliza kwanza ni la nani, tena uulize kwa sauti ya kuuliza.

Mama Mapazia alichokifanya ni hiki. Alikata utepe mgumu wa kushikilia marinda, ule unaoshonwa juu ya pazia, mrefu kutoka chumba cha Bibi hadi chooni. Akaufunika kitambaa cha mistari ya kuinuka, kinachokwaruza kidogo ukipitisha kidole. Penye kona ya jikoni akashona kifungo kimoja. Penye kukata kwenda chooni, viwili. Mlangoni mwa Bibi akashona kipande cha mahameli, laini, ili ajue amefika kwake. Kisha akachukua nyundo na misumari.

Msasa alikuja siku hiyo kuziba tundu la bomba. Alipoona akashika kichwa.

"Mama Mapazia! Unanipigilia misumari kwenye skimu yangu?"

"Nipe huo mwingine hapo, Msasa. Ulisema utamletea Bibi msumari mpya."

"Lakini sebule inaonekana kama... sijui hata kama nini."

"Inaonekana kama ya kwetu."

Kochi lilirudi ukutani. Kiti kikarudi. Mdoli ukapelekwa barazani. Yote hayo aliyafanya kwa haraka, kwa jasho, akitazamia kwamba jioni Bibi ataushika utepe na mambo yatakuwa yamekwisha.

Bibi hakuushika.

"Mimi si wa kufungiwa kamba kama mbuzi," alisema. Akaweka mkono juu ya utepe, kwenye rangi ya maziwa, kwa makusudi kabisa safari hii, vidole vimejaa mafuta ya kuchulia, akaenda chooni. Alipotea mara moja, akajigonga goti kwenye kochi, akatukana kochi. Kesho yake hivyohivyo. Mstari mpya ulianza kujichora juu ya utepe, na kila mtu aliyekuja kuchukua nguo aliuona. Jirani mmoja aliuliza hiyo ni fasheni gani, ukuta wenye vifungo. Mama Mapazia alijibu kwamba ni ya kwao, na jirani akaenda kuwaambia wengine.

Mume alisema, "Mwache. Atazoea."

"Na asipozoea?"

Mume akaenda kazini kwenye majokofu ya watu.

Mama Mapazia hakusugua tena. Kila alipopita alitamani kuchukua kitambaa, vidole vinamwasha. Alijizuia, akapita. Alirudi kwenye mashine yake, akashona sare za shule, akavunja sindano mbili kwa hasira za bure. Hakujua amemkasirikia nani. Bibi? Mume? Mama Gesti na pete zake? Zilipomwishia hasira za wengine, aliyebaki alikuwa yeye.

Jioni moja alikuwa hapo kwenye mashine, mguu juu ya kanyagio, aliposikia kitu sebuleni. Krrr, krrr. Sauti ya kidole kinachokwaruza kwenye kitambaa cha mistari. Alitoa mguu kwenye kanyagio. Hakugeuka. Sauti ilienda pole pole, ikasimama penye kifungo kimoja, ikakaa hapo, ikaendelea. Ikasimama penye viwili.

"Mama Chiriku!"

"Abee, mama."

"Hiki cha pili cha chooni umekishona legelege. Kitanitoka mkononi."

"Nakuja, mama."

"Mshonaji gani wewe?"

"Nakuja nakikaza."

"Na uniletee chai," Bibi alisema. "Ijae."

Mama Mapazia alitunga uzi. Tundu la sindano lilimkataa mara kadhaa, macho yalikuwa yamejaa maji, mpaka akaacha kutazama, akaupitisha kwa kupapasa.